Hesabu Isiyotiwa Chumvi

Umehamia Timbwani, huku pwani, na geti jipya, tuktuk ya mkopo na imani kwamba chuma ni chuma. Karibu. Kabla hujalipa salio, soma haya.

Ukimuuliza fundi geti litadumu miaka mingapi, hatakutajia mwaka. Atasema, "Itakaa." Jifunze kusikiliza. "Itakaa" kavu ni mpaka rangi ianze kuvimba. "Itakaa, inshallah" ni mpaka yeye avuke feri. Akikwambia, "Hii ni ya kudumu, mzee wangu," chukua na namba ya simu ya kaka yake.

Wasomi nao wana "itakaa" yao. Karne ya 19, Mjerumani August Wöhler alisumbuliwa na ekseli za treni zilizokuwa zikikatika chini ya mzigo ambao hazikustahili hata kuustukia. Akazizungusha chini ya mizigo mbalimbali, mara mamilioni, akiandika kila moja imestahimili mizunguko mingapi. Akakuta kwamba mzigo ukiwa chini ya kiwango fulani, chuma hakikatiki kabisa. Habari njema hiyo, kwa mtu wa Eldoret. Maji ya chumvi hukifuta kiwango hicho: chumvi huchimba vishimo, ufa ukaanzia humo, na kila mtikisiko ukausukuma mbele. Nawe umehamia mahali ambapo kusi ikivuma, bahari inakufuata hadi kwenye bawaba.

Ekseli ya tuktuk ikikatika (nayo itakatika), usiitupe. Itazame pale ilipoachana. Utaona sehemu laini yenye mistari iliyopinda, kama ile ambayo maji huiacha mchangani yakipwa. Kila mstari ni mahali ufa ulipotua kidogo, kisha ukaendelea na safari. Pembeni kuna kipande kinachoparuza kama sukari guru: hicho ndicho kilichokatika siku yenyewe. Utalilaumu tuta la jana. Masikini tuta, lilikuta kazi imebaki robo saa. Lakini ukiona sehemu ya sukari ndiyo kubwa, usiilaumu bahari. Ulikuwa unapakia watu sita.

Mwaka 1945 Mmarekani M. A. Miner alieneza hesabu rahisi: kila mzigo unakula sehemu yake ya umri, na sehemu zikijumlishwa zikatimia moja, kwaheri. Ujanja uko hapa: ukiongeza mzigo mara mbili, umri hauliwi mara mbili, unaliwa mara nyingi mno. Ile safari ya watu sita na gunia la mchele iliyokupa faida Ijumaa ilikopa kwa wiki zijazo. Na hesabu ya Miner yenyewe, ikifanywa kwa takwimu za chuma kilichojaribiwa pakavu, itakudanganya. Kwingine mwongo ni anayetia chumvi. Huku ni asiyetia.

Geti lisugue mpaka ling'ae ndipo upake rangi. Fundi atasema si lazima, rangi itafunika. Itafunika kweli.

Nyumba ya kupanga ndiyo ya kuogopa zaidi. Slabu ikianza kuvimba juu yako na plasta kudondoka, nondo zimeshika kutu, na kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma ilichokila, hivyo inapasua zege kutoka ndani. Mwenye nyumba atakuja na rangi. Mshukuru kwa adabu, kisha usogeze kitanda.