Ua Lisilo na Kazi

Singida mmea haupewi maji kabla haujafanyiwa usaili. Swali la kwanza: unaliwa? La pili: kama hauliwi, unakamuliwa? La tatu: kama hauliwi wala haukamuliwi, mifugo inaupenda? Alizeti hupita usaili huo bila hata kusafisha koo. Mbegu hutoa mafuta, mashudu huenda kwa ng'ombe, bua likikauka linaingia jikoni. Vitunguu vinapita, mtama unapita, uwele unapita. Hata mwarobaini, ambao hakuna aliyewahi kuuonja akatabasamu, unapita kwa sababu ya kivuli chake.

Sasa ilete haidranjia mbele ya jopo hilo. Hailiwi: majani yake yana sumu ya jamii ya sianidi, yenye undugu na ile ya muhogo mchungu, ila muhogo ukilowekwa na kuanikwa husamehewa, haidranjia haina msamaha. Haikamuliwi. Mbuzi akiitafuna anaumwa, na mwenye mbuzi anakuja na mashahidi. Kazi yake ni moja tu, kutoa shada la maua makubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, halafu kuomba maji. Ndiyo mmea niliouchagua kuupanda mbele ya sebule yangu, mjini Singida, na nitautetea hadi mwisho wa makala hii.

Vipando nilivitoa Lushoto, nilikokwenda kwenye harusi ya upande wa mke wangu. Kule Usambara ua hili linastawi kando ya uzio bila kubembelezwa na mtu. Mama mwenye nyumba alinikatia vitawi visivyo na maua, vyenye macho mawili matatu kila kimoja, akapunguza majani ili visipoteze maji njiani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo alivifunga kwa jani la mgomba lililoloweshwa, akakaza kwa kamba. Kifurushi kizuri, cha kupakatwa.

Tatizo la kifurushi hicho ni jiografia. Kutoka Mombo kuja Singida kwa njia ya Moshi, Arusha na Babati, basi hupita Same. Same inajulikana kwa tangawizi na, kwa msomaji wa habari za polisi, inajulikana pia kwa mirungi. Mirungi ni vitawi. Hufungwa kwa jani la mgomba ili isinyauke.

"Shikamoo mzee," alisema kijana niliyeketi naye, akiwa ameshusha sauti.

"Marahaba."

"Huo mzigo ungeuweka chini ya kiti."

"Ni maua, mwanangu."

"Ndiyo mzee. Wote tunasema maua."

Akamwomba kondakta kiti kingine. Abiria wa nyuma yetu, ambaye hadi hapo alikuwa akinisimulia habari za shamba lake la mpunga, naye akapatwa na usingizi wa ghafla. Tulipofika kwenye kizuizi na askari akapanda kukagua, nilikuwa peke yangu kwenye safu nzima, nimepakata ushahidi. Nikaufungua mwenyewe. Askari akachukua kitawi, akanusa, akaangalia mvi zangu, akauliza ninakipeleka wapi.

"Singida."

"Singida?" Akakirudisha taratibu, huruma ikimjaa usoni. "Mzee, si vitakufa kwa kiu?"

Basi zima likacheka, na yule kijana akarudi kwenye kiti chake.

Nilikuwa na hoja ya kumjibu, ila askari alikuwa ameshashuka. Mji wa Singida uko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari. Lushoto iko karibu mita 1,400. Tuko juu yao! Usiku wa Juni na Julai tunavaa masweta kama wao. Kwa hoja ya baridi, haidranjia ilikuwa inapandishwa cheo. Kinachotutofautisha ni mvua. Sisi tunapata milimita 600 hadi 700 hivi kwa mwaka, zote katika msimu mmoja kati ya Novemba na Aprili, kisha mbingu inafunga duka. Na mmea wenyewe ni wa Japani, nchi ambayo ua hili hufunguka wakati wa masika yao ya Juni. Mji wa Nagasaki, ulioichagua haidranjia kuwa ua lake rasmi, hupata zaidi ya milimita 1,800 kwa mwaka. Hilo sikulitaja nyumbani.

Vitawi viliota mizizi kwenye mchanga mbichi chini ya kivuli, kama mwezi hivi, na hapo ukaja mgogoro wa mahali pa kupanda. Vitabu vinasema ipewe jua la asubuhi na kivuli cha mchana, yaani upande wa mashariki wa nyumba. Aliyeandika hivyo hajawahi kusimama Singida mwezi wa Agosti. Upepo wetu wa kiangazi unatoka mashariki, na si upepo wa kupuliza chai. Ni upepo ambao watu wamekuja kuupima wakitaka kufua umeme. Ukipanda mashariki, upepo unakausha majani. Ukipanda magharibi, jua la saa tisa linayababua. Nilichagua mashariki na kuweka kinga: kanga ya mke wangu, iliyochakaa kidogo, nikaitandaza kati ya nguzo mbili.

Mimi niliona kitambaa. Jirani yetu wa upande ule aliona maandishi. Kanga ina jina, na jina la kanga ile lilikuwa la kuwajibu watu wanaofuatilia mambo ya wenzao. Lilielekea moja kwa moja kwenye dirisha la jiko lake, herufi kubwa, kutwa nzima. Salamu zilikatika. Watoto wake wakaacha kuja kuazima pasi. Mke wangu alipogundua chanzo, alikwenda kuigeuza kanga ili jina lielekee kwetu, na tangu hapo kila nikitoka kumwagilia ninasemwa mimi.

Haidranjia pia ina tabia moja ya kuaibisha mwenyeji wake. Majani yake ni mapana, na jua likiwa kali yanapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyaleta, hata kama udongo una unyevu. Ikifika saa saba mchana mmea mzima unalegea, majani yananing'inia, vichwa vinainama. Jua likipungua, unainuka tena. Anayeujua huwa anatia kidole kwenye udongo. Kukiwa na ubichi, anauacha, kwa sababu ukiumwagia kila unapolegea unaozesha mizizi. Anayepita barabarani hatii kidole. Anatoa rambirambi.

"Pole sana, Mwalimu," aliniambia mzee mmoja mstaafu anayepita kwetu akienda kwenye bao. "Nimeona ua limetutoka."

Nikamshukuru na kumweleza kwamba litaamka saa kumi na mbili. Akanitazama kwa upole unaowafaa wafiwa. Kesho yake saa saba akanipa pole tena. Kwa kuwa jioni anarudi na njia nyingine, hajawahi kuuona ufufuko, na kwa hesabu zake mimi ni mtu anayefiwa kila mchana na kuficha ukweli kila jioni. Alimshauri mke wangu asiniache peke yangu sana.

Huyo ndiye mke ambaye mmea unaishi kwa hisani yake, maana ndiye msimamizi wa maji. Bomba likikaa siku kadhaa bila kutoa kitu, maji yanakuja kwa dumu la lita 20 juu ya mkokoteni, na kila dumu lina orodha ya wanaolisubiri. Kwanza wali. Halafu vyombo. Halafu sare za shule. Haidranjia haimo kwenye orodha. Ziwa Singidani liko karibu, pana na zuri, na wageni hupiga picha, lakini maji yake ni ya chumvi. Heroe wanayafurahia, ua litakufa. Kwa hiyo nilifungua mazungumzo juu ya maji yaliyokwisha kutumika. Maji ya kuoshea mchele nilipewa bila masharti. Maji ya kusuuzia nguo nilipewa kwa sharti la kuyabeba mwenyewe. Maji ya kufulia yenye povu la sabuni niliyakataa mimi. Mmea unaoitwa wa bustani, kwetu hauoti udongoni. Unaota kwenye mapatano.

Katika kulainisha mazungumzo hayo nilimsimulia mke wangu habari za Philipp Franz von Siebold, daktari Mjerumani aliyefika Nagasaki mwaka 1823 kuwahudumia Waholanzi. Alimpenda mwanamke wa Kijapani, Kusumoto Taki, wakazaa binti, Ine, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Japani kufanya udaktari wa kisasa. Mwaka 1829 Siebold alifukuzwa nchini kwa kukutwa na ramani zilizokatazwa. Aliporudi Ulaya aliandika kitabu cha mimea ya Japani, na haidranjia moja akaipa jina la Otaksa, kwa kumkumbuka Taki.

Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho, akifikicha mchele.

"Kwa hiyo Mjerumani alimpa mkewe ua," akasema. "Wewe umenipa ndoo."

Tuliongezewa maji ya kusuuzia vyombo.

Ili maji hayo machache yakae udongoni, shina lilihitaji matandazo, na Singida matandazo ni maganda ya alizeti. Vinu vya mafuta vinayo milima kwa milima. Nikaeneza unene wa vidole vitatu. Ila kinu hakikamui mbegu zote, na kuku wa Singida hawakupata sifa mpaka Dar es Salaam kwa kulala. Waliingia kabla sijakunja gunia. Walichakura kwa nidhamu ya kikosi, wakatafuta kila mbegu iliyosalia, wakafika mizizini, na jogoo mmoja akapanda juu ya shina kuwatangazia wengine. Dawa ilikuwa jambo ambalo mkoa huu haujawahi kupungukiwa: mawe. Niliyapanga juu ya maganda, yakazuia jua kunyonya unyevu, na mpaka leo hajazaliwa kuku wa kuinua jiwe.

Hatimaye ua likafunguka. Vipando vilikatwa kwenye shina la maua ya bluu, bluu ya kanzu ya sikukuu. Kwangu yalitoka ya pinki.

"Ulitapeliwa," alisema shangazi, aliyekuja kututembelea na akapenda kukaa.

Hakuna aliyetapeliwa. Rangi ya haidranjia inategemea alumini. Udongo ukiwa na tindikali ya kutosha, pH chini ya 5.5 hivi, alumini iliyomo ndani yake huyeyuka, mizizi huinywa, na ua linakuwa bluu. Tindikali ikipungua, alumini inajifungia, ua linabaki pinki. Udongo wa Usambara umeoshwa na mvua miaka na miaka, una tindikali yake. Wangu unanyweshwa maji magumu ya kisima mkokoteni unapotuletea, na juu yake shangazi alikuwa akimwaga majivu ya jikoni kila asubuhi ili kufukuza mchwa. Majivu huua tindikali. Shangazi mwenyewe ndiye aliyelipaka pinki, kisha akamlaumu mtu wa Lushoto.

Ushauri ulimiminika. Fundi wa baiskeli alisema nizike misumari yenye kutu. Kutu ni chuma, na chuma hakihusiki. Nilipoeleza kwa sauti kwamba kinachotakiwa ni alumini, sufuria zote zilihamia chumbani. Nikaenda sokoni kutafuta shabu, ile chumvi yenye alumini ambayo wazee wetu waliitumia kutuliza tope kwenye maji. Shabu ina matumizi mengine pia, ambayo wanawake huambiana na wanaume hatuulizi.

"Naomba nusu kilo," nikamwambia muuzaji.

Akashusha miwani. "Nusu kilo? Mama yupo nyumbani?"

"Ni ya maua."

"Haya Mwalimu. Ya maua." Akamgeukia mwenzake wa meza ya pili, wakatazama pamoja kilo za pilipili manga kwa makini makubwa.

Shabu inataka kiasi: kijiko kwenye ndoo ya maji, juu ya udongo uliokwisha kulowa, kwa sababu ikizidi inaunguza mizizi. Majivu nayo yalihamishiwa kwenye mchicha. Msimu uliofuata shina lilitoa bluu upande wa ukuta, pinki upande wa pili, na katikati zambarau. Shangazi akasema sasa nimetapeliwa mara tatu.

Aliyebadilisha upepo ni jirani wa kanga. Alikuwa na sherehe ya kumuaga binti yake, na mpambaji alimletea maua ya plastiki yaliyofifia. Akapiga hodi saa mbili asubuhi, wakati ua limesimama wima, akasalimia kwa kirefu, akauliza afya ya kila mtu kwa jina, mpaka tukafika kwenye meza kuu. Nilimkatia vichwa vyote alfajiri ya siku ya sherehe, nikavitumbukiza papo hapo kwenye ndoo, maana kikonyo cha haidranjia kikikaa mkavu hata kidogo kinalegea. Vikakaa mbele ya bibi harusi mtarajiwa mpaka keki ikaisha. Wageni walipiga picha na maua, wengine bila binti.

Sasa wanakuja kwa zamu kuomba vipando: jirani, muuzaji wa shabu, hata mzee wa bao, ambaye anataka aina isiyokufa mchana. Vipando natoa bure. Maji, kila mtu aje na ndoo yake.