Mistari Miwili Matangani

Sisi watu wa Migori na Homa Bay ni watu waliopimwa. Chochote ambacho mwili wa binadamu unaweza kutoa, yuko mtu aliyewahi kukifuata hadi kwetu akiwa na kikopo. Pale Mbita kituo cha icipe kimechunguza mbu wetu kwa miaka mingi, kwa hiyo hata wanaotuuma wana faili. Utafiti wa SEARCH, ulioanza mwaka 2013 katika jamii 32 za vijijini Kenya na Uganda, ulitupigia hema huku ziwani ukatupima virusi vya Ukimwi, presha na sukari kwa mkupuo mmoja. Chanjo ya malaria ilipozinduliwa nchini Septemba 2019, uzinduzi ulifanyiwa Ndhiwa. Watoto wetu wa shule hubeba choo kwenye vikopo kwenda kutazamwa kichocho, na wanakibeba huku wakiruka kamba.

Kwa hiyo mdogo wangu, muuguzi huko London, aliponitumia vijiti vya kupima kwa mkojo kama hedhi yangu inaelekea kukoma, hakuna aliyeshtuka nyumbani. Kilichonishangaza ni kwamba safari hii majibu yalikuwa yangu. Tangu niolewe, mkojo wangu umepimwa kwa niaba ya kliniki ya wajawazito, kwa niaba ya mwajiri, na zaidi ya yote kwa niaba ya mama mkwe. Mimi nilikuwa mpeleka mzigo tu.

Joto lililoanzisha yote haya lilinijia mbele ya kidato cha pili, katikati ya ngeli ya U-ZI. Lilichomoza kifuani, likapanda shingoni, likafika masikioni, na chaki ikaanza kuniganda vidoleni. Kabla sijasema neno, mvulana mmoja wa nyuma aliinuka, akafungua madirisha yote, akarudi kuketi. Huyo nilijua kwao kuna mama wa rika langu.

Kwetu, joto la mwili ni malaria mpaka ithibitishwe vingine, na mthibitishaji ni kijana wa duka la dawa. Shirika la Afya Duniani limesema tangu mwaka 2010 kwamba mtu apimwe kwanza ndipo atibiwe, na kijana wetu ni mtiifu. Alinitoboa kidole, akadondosha damu kwenye kipimo, tukasubiri pamoja. Ukatokea mstari mmoja. Hakuna malaria.

“Wadudu wamejificha,” akasema, akanifungia dawa.

Waliojificha walipokataa kutoka, chumba cha walimu kiliichukua kesi. Mwalimu wa Bayolojia alisema ni taifodi, maana isipokuwa malaria huwa ni taifodi. Wa Dini aliuliza kwa upole kama kuna mtu tuliyekosana naye nyumbani. Naibu wa mwalimu mkuu alisema ni presha inayoletwa na mtaala mpya. Neno hedhi halikutajwa, ilhali chumbani humo walikuwamo akina mama waliovuka hamsini, kila mmoja akijipepea kwa daftari la maandalio, wote wakiangalia nje kama wanaomsubiri mgeni.

Vijiti vilifika ndani ya soksi, kwenye sanduku la msafiri wa heshima ambaye hakuambiwa amebeba nini. Vilikuwa viwili, cha leo na cha wiki ijayo. Kazi yake ni hii. Chini ya ubongo kuna tezi inayotuma homoni iitwayo FSH kwenda kuziamsha ovari. Ovari zikianza kuchoka, tezi hufanya kama mama anayemwita mtoto mkaidi: hupaza sauti. Kijiti hakijui umri wako wala hali ya ovari zako, kinasikia kelele tu. Taabu ni kwamba katika miaka ya mpito kelele hizo hupanda na kushuka. Leo tezi inafoka, wiki ijayo imetulia, na mwezi unaofuata hedhi inarudi kama mpangaji aliyesahau ufunguo.

Ndiyo maana FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inasema vipimo hivi huiona FSH takriban mara tisa katika kumi, kisha inaongeza kwamba kuiona FSH si kuuona ukomo wa hedhi. Huko Uingereza, mwongozo wa mwaka 2015 wa NICE, taasisi ya miongozo ya tiba, unawaambia madaktari wasihangaike kupima FSH kwa mwanamke aliyevuka miaka 45 mwenye dalili hizi. Wamsikilize, basi. Yaani nchi inayokiuza kijiti hiki madukani ndiyo isiyotaka madaktari wake wakitumie.

Halafu kuna suala la mistari. Kwenye kipimo cha mimba, mstari wa pili ukitokea, hata ukiwa umefifia kama sahihi ya mdaiwa, mambo yameiva. Kwenye hiki, mstari wa pili unaweza kutokea na usiwe na maana yoyote. Lazima ukoze sawa na wa kwanza au uuzidi. Aliyeandika maelezo hayo alidhani kila choo kina taa. Alfajiri hiyo stima ilikuwa imepotea Migori nzima, nikamwamsha mume wangu, Baba Achieng, aje amulike kwa simu. Huyu ni mtu ambaye kwake rangi za pazia ni mbili tu, ya mwanga na ya giza. Alikitazama kijiti kwa makini ambayo nimewahi kuyaona kwake siku ya kura pekee.

“Umekoza,” akasema.

“Sawa na ule mwingine?”

“Karibu.”

“Karibu haimo kwenye maelezo.”

“Basi umekoma nusu.”

Akarudi kulala.

Zamu ya kijiti cha pili iliangukia Jumamosi ya matanga. Baba mkubwa wa mume wangu, mzee aliyeishi akashiba siku zake, alikuwa anazikwa nyumbani kwao nje kidogo ya mji wa Homa Bay. Tukajibana kwenye Probox, tukapita Rongo na Rodi Kopany, kijiti kikiwa mkobani kando ya leso. Anayefahamu matanga ya kwetu anajua kwamba kupata mkojo wa kwanza wa asubuhi si kazi ndogo. Foleni ya choo huanza kabla ya jogoo, na kila unayempita ni lazima umsalimie na kumpa pole. Nilitoka na kikombe cha plastiki nilichokifunika kwa leso, na watu wawili wakanikaribisha chai wakidhani naitafuta.

Nilikiweka kijiti kwenye dirisha la chumba cha wifi yangu kikae dakika zake. Hapo hapo nikaitwa kumsalimu mchungaji, na mchungaji wa kwetu hasalimiwi kwa ufupi. Niliporudi, wifi alikuwa amekishika kwa ncha za vidole.

“Nyar Kuria,” aliniita, yaani binti wa Kuria, kwa sauti ya kanisani. “Hiki ni nini?”

“Ni kipimo, wifi.”

“Nimelea wasichana watatu humu ndani, vipimo navijua. Mistari ni miwili.”

Nilifungua mdomo kueleza habari za FSH, lakini hayo ni maelezo yanayohitaji kiti na muda, na nje walishaanza kupanga viti vya wageni. Habari ilitangulia jeneza. Kufikia saa nne nilikuwa nimehamishwa kutoka benchi la wakwe hadi kiti chenye mikono, chini ya hema, upande wa kivuli. Soda ikaja bila kuagizwa. Msichana nisiyemfahamu alitumwa kunipepea, na naapa hiyo ndiyo tiba ya kwanza iliyonifaa tangu joto hili lianze. Mchana nikaletewa sahani yenye maini, kitu ambacho katika miaka yangu yote ya ndoa nilikuwa nikikipika na kukipeleka kwa wengine.

Wazee nao walimzunguka mume wangu. “Jaduong', bado uko!” mmoja akamwambia, akimtikisa mkono kwa nguvu. Baba Achieng, aliyejua fika kijiti kinapima nini, hakukanusha. Alinyoosha koti.

Ukweli niliutoa jioni jikoni, tulipokuwa tukisugua sufuria, na uliwasikitisha kwa muda mfupi tu. Kisha maswali yakaanza. Wifi alitaka kujua kama joto langu huanzia kifuani. Nikasema ndiyo. Akaniambia lake pia, na kwamba kwa mwaka mzima amekuwa akimeza dawa za malaria iliyojificha. Jirani yake alikuwa ameombewa, tena na wachungaji wa makanisa mawili tofauti. Shemeji wa Karungu hulala sakafuni kwenye simiti na kumwambia mumewe ni mgongo.

Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji hicho alikuwa akimenya viazi pamoja nasi. Serikali ilipowatuma wahudumu mwaka 2023 iliwapa mkoba wenye mashine ya presha, ya sukari na kipimajoto. Katika mkoba huo, kitu cha kutufaa kwa shida hii ni masikio yake. Alituonya kwamba jasho la usiku linaloandamana na kikohozi na kukonda lipelekwe hospitali, lisipelekwe jikoni. Shemeji wa Karungu akauliza kama kijiti kikisema ndiyo anaweza kuacha sindano ya kupanga uzazi. La, akajibiwa. Homoni za sindano huvuruga majibu, na mwanamke wa miaka ya mpito bado anaweza kushika mimba halisi, ya kuletewa soda kihalali.

Dani, bibi wa nyumba hiyo, alikuwa pembeni akichambua omena kana kwamba hasikii. “Tangu chwiri ile mpaka chwiri hii,” akaniuliza, akimaanisha majira ya mvua, “umeona damu?”

“Niliona wakati wa mavuno, Dani.”

“Basi bado. Anza kuhesabu upya.”

Hivyo ndivyo madaktari wanavyohesabu. Miezi 12 mfululizo bila hedhi, na ukiteleza mwezi wa kumi na moja unarudi mwanzo. Damu ikirudi baada ya mwaka kutimia, hapo unamwona daktari. Dani aliyasema hayo bila mkojo wala soksi ya London.

Ili nisishindwe kabisa na bibi wa watu, niliwapa kisa cha watawa wa Italia. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Serono ilitaka dawa ya kuwasaidia wanawake wanaokosa watoto. Mwanakemia wake, Piero Donini, alijua kwamba mkojo wa mwanamke aliyekoma hedhi umejaa homoni hizi hizi. Ikabidi wapatikane wanawake wengi wa umri huo wanaoishi pamoja na wasio na mimba kwa hakika, na hao walikuwa watawa wazee. Mkojo wao ukakusanywa, ukabebwa kwa magari ya tangi, ukatengenezwa dawa, na mwaka 1962 mtoto wa kwanza akazaliwa kwa dawa hiyo huko Israeli.

Wifi aliacha sufuria. Yeye anauza omena sokoni, na kitu kinachoondoka kwa tangi humgusa mahali.

“Walilipwa ngapi kwa debe?”

“Wifi, walikuwa watawa.”

“Ndiyo maana.” Akatutazama mmoja mmoja, sisi tuliokuwa jikoni humo, kama anayekadiria mzigo kabla ya kupakia. “Sisi tunamwaga chooni, halafu mdogo wako ananunua vijiti kwa pauni. Mwambie aache. Akituma kitu tena, atume feni. Ya sola, maana stima yetu anaijua.”