Halo Halo za Kawangware

Miongoni mwa kazi zinazoweza kumfanya mtu mzima, mwenye akili timamu na kodi ya nyumba iliyolipwa, adhaniwe na majirani kuwa amerukwa na akili, sijui kama iko inayoishinda kazi ya kujaribu simu za intaneti. Kwani fundi wa simu hizi, ghairi ya fundi wa cherehani au wa baiskeli, hana chombo cha kuinua akamwonyesha mteja, bali shughuli yake aghalabu ni kusema "halo" na kusubiri.

Mwezi wa Machi mwaka 2020, baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini Kenya tarehe 13, na kafyu ya kuanzia saa moja jioni hata saa kumi na moja alfajiri kuwekwa tarehe 27, kituo cha kupokea simu nilikoajiriwa kuwa fundi wa simu hizo kiliwatawanya wahudumu wake, kila mmoja na kompyuta na hedifoni zake, wakafanyie kazi makwao. Nami, maadamu nilikuwa nikikaa karibu na steji ya Kawangware 56 jijini Nairobi, nikakabidhiwa wote waliokuwa wakiishi kuanzia Gatina hata Kabiria. Ofisini, juu ya zulia na nyuma ya vioo, simu zetu zilikuwa zimepimwa na kusifiwa sana. Zulia halikuja Kawangware.

Yafaa nieleze kidogo. Sauti ya msemaji hukatwa vipande vidogo, kwa kawaida hamsini kila sekunde, na kila kipande hujiendea peke yake, kama jamaa za arusi walioshindwa kuenea katika matatu moja pale 56, wakagawanyika: wako watakaofika mjini mapema, wako watakaokwama kwenye msongamano, na bibi arusi huenda akatanguliwa na sanduku lake. Kipande kilichopotea hakitumwi tena, kwa kuwa kikichelewa hakina faida. Na wataalamu wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, wamependekeza safari ya sauti kwa upande mmoja isizidi milisekunde 150, maana ikizidi sana, waungwana wawili huanza kukatizana kauli na kila mmoja akamwona mwenzake hana adabu.

Katika mtambo wetu wa simu tuliweka nambari ambayo ukiipiga hukurudishia maneno yako mwenyewe, upate kujua yamekawia kiasi gani. Alasiri moja, katika chumba cha mabati cha binti mmoja mhudumu, niliipiga kwa spika ya kompyuta ili sote wawili tusikie. Nikauliza, "Halo, wanisikia?" Kompyuta nayo ikaniuliza, kwa sauti yangu ile ile na lafudhi yangu ya Mombasa, "Halo, wanisikia?" Tukaulizana hivyo kwa muda mrefu, hata mama jirani, aliyekuwa akikata sukuma wiki upande wa pili wa bati, subira ikamwishia:

"Nakusikia, baba, tangu saa nane! Na huyo mwenzako pia nimemsikia!"

Maneno yake yakapenya bati, yakaingia katika maikrofoni, yakaenda hadi kwenye seva na kurudi chumbani: "Nakusikia, baba, tangu saa nane!" Kisu kikanyamaza. Kisha mama akauliza polepole, "Na huyo mwanamke anayeniiga ni nani?" Swali hilo nalo likarudi kama lilivyokwenda. Alipofika mlangoni, leso imefungwa kiunoni, binti alimweleza kinaganaga, na mimi nikamruhusu ajisalimie mwenyewe. Alijisalimia, akajibiwa, akatabasamu, halafu akanitazama kwa huruma na kuniuliza, "Na kwa haya, mwanangu, wanakulipa?"

Masaibu mengine yalitoka kwa stima, kwani mita moja hutumiwa na ploti nzima, na jirani akichomeka pasi, mteja huachwa katikati ya sentensi. Lakini shani kubwa ilikuwa ya mhubiri wa steji. Programu yetu ya kuchuja kelele iliweza kuondoa mngurumo wa jenereta, ila mahubiri iliyapokea kwa heshima, kwa sababu yalikuwa sauti ya binadamu. Kijana mmoja alikuwa akimkumbusha mteja deni lake, na kila aliponyamaza, mhubiri alijaza nafasi: "Tubu leo! Kesho si yako!" Mteja alilipa kabla ya magharibi, na msimamizi wetu akataka kujua ni maneno gani hayo, tuwafundishe wahudumu wote.

Wakubwa wa ofisini hupenda kuamini kwamba kila kasoro hutoka mitaa ya mabati. Lakini mwezi wa Februari mwaka 2012 meli iliyokuwa ikingojea zamu ya kuingia bandari ya Mombasa iliukata kwa nanga waya wa intaneti wa TEAMS, ule uliovutwa chini ya bahari kutoka Fujairah. Na tarehe 12 Mei 2024 nyaya nyingine za namna hiyo, EASSy na Seacom, zilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, maofisi yenye zulia yalipata taabu ile ile. Simu iliyopimwa mahali pa kimya tu, mimi huihesabu kuwa haijapimwa.

Basi, msomaji, ukipigiwa simu ukakuta kimya cha sekunde mbili tatu kabla ya salamu, usikate kwa hamaki wala usimtukane binti wa watu. Sauti yake iko njiani. Na ukisikia mahubiri nyuma yake, lipa deni.