Muulize Shangazi: Mwimbaji Yuko Sebuleni

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka ughaibuni, na zote zina jambo moja: mtu kaalikwa nyumbani kwa mtu, kakuta viti vimepangwa safu, na kando ya meko kasimama mwimbaji na gitaa lake, hana spika wala maikrofoni. Huko Marekani na Kanada ni utaratibu wa miaka mingi. Mwimbaji anayetunga nyimbo zake mwenyewe huzunguka mji kwa mji na gari lake, na siku za katikati ya wiki, ambapo kumbi hazina haja naye, huimba kwenye sebule ya mtu mbele ya watu 20 au 30, wakizidi sana 50. Ndugu zetu wanapenda muziki, hilo sina shaka nalo. Shida ni namna wanavyoupenda.

*Shangazi, shikamoo. Mwenzangu wa kazini alinialika kwake kumsikiliza mwimbaji. Mimi ni mtoto wa Tanga, sauti nzuri ikinifikia siwezi kukaa. Wimbo wa tatu ulinigusa hasa. Nikainuka taratibu, nikajitikisa kidogo kwa heshima, nikaenda mbele na noti zangu za dola moja moja nikaanza kumtunza. Noti ya pili ikaangukia kwenye nyuzi za gitaa. Mwimbaji akanyamaza, akaniuliza kama niko salama. Mtu mmoja akaniletea maji. Nimekosa nini? – Mwenye Kutunza, Columbus, Ohio*

Marahaba, bibie. Pesa ulikuwa nazo na moyo ulikuwa nao, ila hukupajua pa kuzipeleka. Katika nyumba hizo kuna bakuli, au chupa ya kioo, au kikapu, huwekwa karibu na mlango au kwenye meza ya CD na santuri anazouza mwimbaji. Kiwango hutajwa kwenye mwaliko, aghalabu dola 20 au 25, na mwenye uwezo huongeza. Unatia unapoingia au wakati wa mapumziko, na hakuna anayechungulia nani katia nini. Najua hapo ndipo panapokuuma. Kwetu mtu akitunza, ukumbi mzima ujue katunza.

Na tusidanganyane. Kwenye taarabu wengi hawangoji wimbo uwaguse. Wanangoja ule mstari unaomhusu jirani. Ukifika, mtu huinuka na noti zake juu, akapita mbele ya mhusika polepole kuliko inavyohitajika, ndipo amfikie mwimbaji. Sasa niambie ukweli: huyo aliyekualika si ndiye mliyegombania zamu ya Krismasi? Na wimbo wa tatu haukuwa na habari za mtu asiyeshukuru? Kama ndivyo, ujumbe haukufika. Alidhani umeugua.

Wenyeji wa huko nao wanatunza kwa njia yao, nayo ni kunyamaza. Kwenye baa mwimbaji huyo huimba akishindana na vishindo vya glasi na mpira kwenye televisheni. Hapo sebuleni anasikia hata mtu akishusha pumzi, na pengine kaendesha gari saa sita kuufuata ukimya huo. Kwa hiyo keti. Wimbo ukiisha, piga makofi mpaka viganja viwake. Kigelegele ruksa, kimoja, baada ya uzi wa mwisho kunyamaza kabisa.

*Mwaliko unasema kila mtu aje na chakula. Nipike nini? – Mpishi, Houston*

Sambusa. Pilau itawafanya watafute vijiko gizani, na kuku wa mifupa ana kelele zake. Chochote kinacholia mdomoni, kwa maana ya bisi, krispi, kashata na ubuyu wa kokwa, kisubiri mapumziko. Kwa kawaida huimba kama dakika 45, hupumzika, kisha huimba tena kiasi hicho. Dakika 45 hazijamuua mtu kwa njaa.

*Shangazi, mke wangu kaalika watu 35 nyumbani kwetu kumsikiliza mwimbaji kutoka Kentucky ambaye hata hatumjui. Atakula kwetu, atalala chumba cha wageni, na pesa zote zitakazokusanywa apewe yeye! Kama ni mwimbaji kweli, kwa nini asiimbe ukumbini? Nimependekeza tukate dola 150 za kukodi viti, nimeitwa bahili. Nimeomba niwe MC na mwenyekiti wa jumuiya yetu awe mgeni rasmi, nimekataliwa. Mimi ni nani katika nyumba hii? – Baba Mwenye Nyumba, Minneapolis*

Baba, wewe ni mtu wa friji. Nitafika huko, kwanza hesabu.

Watu 35 wakitoa dola 20 kila mmoja ni dola 700. Kwa mwimbaji wa aina hiyo, huo ni usiku mzuri. Mitandao ya muziki humpa chini ya senti moja kila wimbo wake unaposikilizwa, maana yake ili apate hizo 700 nyimbo zake zingebidi zipigwe zaidi ya mara 70,000. Na ndani ya pesa hiyo kuna mafuta ya gari, kuna nyuzi za gitaa, kuna na ile Jumatano aliyokosa pa kuimba. Kwa mila ya shughuli hizi mwenyeji hakati kitu. Viti kaazime msikitini au kanisani, vikipungua tandika mikeka. Mtu wa Minneapolis ukimkalisha kwenye mkeka atalisimulia hilo mwaka mzima.

Hilo la "kama ni mwimbaji kweli" ulifute kabisa. Kule Vienna, tangu 1821, marafiki wa Franz Schubert walikuwa wakikusanyika majumbani kusikiliza nyimbo zake, naye mwenyewe yuko kwenye piano. Na kwetu Unguja, Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, alikuwa akiimba na wenzake nyumbani kwake Ng'ambo, watu wakimfuata hukohuko. Sijasikia aliyemuuliza ukumbi wake uko wapi.

Mgeni rasmi hapana. Mwenyekiti akishika nafasi ya kusema haiachii, na sebule yako haina mlango wa nyuma wa kumtorokea. Uongozaji wa shughuli nakuruhusu sentensi tatu: karibuni, choo kile pale, zimeni simu. Jina la mwimbaji atalitaja mkeo, maana yeye analijua.

Sasa friji. Pasipo spika, friji la jikoni ni mpiga besi ambaye hakualikwa na hajui wimbo hata mmoja. Dakika tano kabla ya kuanza, lizime. Zima na feni ya hita pia. Watu 35 watapashana joto wenyewe. Kisha fungua friji, weka simu yako humo ndani kando ya maziwa. Wanaorekodi sauti majumbani mwa watu huweka funguo za gari, ili wasiweze kuondoka kabla hawajalikumbuka. Lakini wewe uko kwako, huna pa kwenda, na simu ndiyo utakayoitafuta kwanza. Ukikabidhiwa kazi hiyo ukasahau kuliwasha tena, asubuhi maziwa yote na nyama ya mwezi mzima vitakueleza wewe ni nani katika nyumba hiyo.

*Kila mwimbaji huku akisikia mimi ni Mkenya ananiimbia "Malaika" huku akinikazia macho. Mara ya mwisho alitaka nisimame nimsaidie. Nimechoka. – Si Malaika, Toronto*

Mwanangu, wa kulaumiwa ni wawili, na wote wameshatangulia mbele ya haki. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuweka wimbo huo kwenye santuri yao ya 1965, ikashinda tuzo ya Grammy, na tangu hapo wapiga gitaa wa huko wanarithishana. Sisi bado tunabishana ni nani aliyeutunga, wao wanaimba tu.

Dawa ni kumwahi. Mapumziko yakifika, mfuate kwenye meza yake, umwombe wimbo mmoja wa kwake mwenyewe, kwa jina. Mtunzi akiombwa wimbo wake husahau Afrika Mashariki nzima. Hilo likishindikana, simama umsaidie na umrekebishe matamshi. Na safari hii usikilize vizuri: ni habari za kijana mwenye mapenzi tele na mfuko mtupu, zinaimbwa na mtu mzima ambaye usiku huo atalala kwenye kochi la mwenyeji.

*Mwaliko umeandikwa saa 1 jioni. Nifike saa ngapi? – Mstaarabu, Seattle*

Saa 12 na nusu. Najua umecheka. Mlango hufunguliwa nusu saa kabla, watu wasalimiane na wapate pa kukaa. Ikifika saa 1 gitaa linalia. Ukichelewa utakuta mara nyingi mlango wa mbele unafungukia palepale aliposimama mwimbaji. Basi baki nje na baridi yako mpaka usikie makofi, uingie nayo. Na kwa kuwa huenda mkavua viatu, kagua soksi kabla hujatoka kwako, kidole kikichungulia uzibadilishe. Kiti kitakachokuwa kimebaki ni cha mbele.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni Mtanzania, ni mwimbaji, niko ziarani huku naimba majumbani mwa watu. Wenyeji wangu ni wema mno. Lakini kila usiku wageni wakishaondoka, mwenyeji hupanda ghorofani akashuka na gitaa lake, aniimbie nyimbo alizotunga yeye. Juzi tulifika saa 8 usiku, na asubuhi nilikuwa na saa saba za barabara. Halafu kila nyumba ni lazanya. – Msafiri, Pennsylvania*

Marahaba, mpwa wangu. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe siku ya tatu huifikii, ndiyo maana jembe lako unakabidhiwa usiku uleule. Kalime. Mtu huyo amekupa kitanda, amewabembeleza majirani waje, amekaa kwenye zulia saa nzima na nusu akikimeza kikohozi chake. Ana nyimbo zake chache na hana wa kumwimbia, mkewe alishazisikia.

Msikilize tatu. Ya pili ikiisha, muulize ule ubeti wa mwisho unamhusu nani, ajue ulikuwa macho. Akianza ya nne, inuka, laza gitaa lako kwenye kasha na ulibane vizuri lisikike. Sauti hiyo kila mpiga gitaa anaijua.

Kuhusu lazanya, waandikie wenyeji wiki moja kabla, waambie jibini inakudhuru. Ni uongo, lakini utafanya kazi. Watakupikia pilipili hoho zilizojazwa wali, kila nyumba, mpaka ziara iishe.