Sifa za Muhuri wa Mapokezi

Miongoni mwa vyombo vyote vya utawala wa miji, hakuna kinachofanya kazi kubwa na kushukuriwa kidogo kama muhuri wa mapokezi, yaani kile kipande cha mpira chenye mpini ambacho karani wa masijala, ofisi inayosajili na kutunza barua, hukigandamiza juu ya karatasi ya mwananchi ili ijulikane kwamba imefika. Lucian wa Samosata alimsifu nzi, na Erasmus wa Rotterdam alichapisha mwaka 1511 kitabu kizima cha kuusifu upumbavu. Si haki basi muhuri, wenye manufaa kuliko nzi na ulioenea sawa na upumbavu, ukose wa kuusifu. Panapofaa kuanzia ni Busia na Tororo, ambako unatawala pande mbili za mpaka wa Kenya na Uganda chini ya sheria mbili, na kotekote unaheshimiwa.

Katikati ya muhuri huo mna mikanda midogo yenye tarakimu, ambayo karani huizungusha asubuhi kwa ukucha ili tarehe ilingane na siku, iwapo hakusahau. Wino wake wa zambarau hukolea upande mmoja na kufifia upande wa pili, hata mwezi ukasomeka na mwaka ukabaki wa kukisia. Benchi la bustani likiwa limeng'oka ubao, au bomba la maji likivuja juu ya nyasi, mwananchi huandika barua, hutoa nakala, hugongewa muhuri kwenye nakala yake, na huondoka ameridhika. Ubao haujarudi, lakini lalamiko limehama kutoka bustanini hadi jaladani, ambako halinyeshewi.

Upande wa Kenya, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazikabidhi serikali za kaunti bustani na viwanja vya burudani, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mwananchi, katika kifungu cha 88, haki ya kuwasilisha ombi kuhusu jambo lolote lililo chini ya kaunti, kisha kifungu cha 89 kinazitaka mamlaka kujibu bila kukawia. Asiye na subira angedhani vifungu hivyo viwili vinatosha kurudisha ubao. Havitoshi, kwa sababu huenda benchi liliangukiwa na mti uliosimama kwenye hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi unaoachwa kando ya lami, na barabara kuu za taifa si za kaunti. Hapo muhuri huonyesha upole wake, kwani haumuulizi mtu mti ni wa nani, bali hupokea barua zote kwa moyo uleule.

Ng'ambo ya pili heshima hiyo imefika mbali zaidi. Lalamiko la mkazi wa Tororo huanzia kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji au mtaa ambalo ndilo ngazi ya chini kabisa ya utawala, na huweza kupanda hadi kwa karani wa mji, ambaye licha ya jina lake si mwandishi wa barua bali ni mkuu wa watendaji wa manispaa. Wenyeviti wa LC1 walichaguliwa mwaka 2001 wakakaa bila uchaguzi mwingine hadi tarehe 10 Julai 2018, na katikati ya muda huo, mwaka 2007, Mahakama ya Katiba iliamua kwamba mabaraza yao hayakuwa halali. Watu hawakutetereka. Waliendelea kupeleka karatasi zao, na ofisi nyingi zikaendelea kuzikubali, ikathibitika kwamba muhuri huweza kuishi baada ya mamlaka iliyouzaa kufariki, bahati ambayo wafalme wengi waliitamani wasiipate.

Fadhila yake kubwa zaidi, hata hivyo, iko katika sanaa ya umma, yaani michoro na sanamu zinazowekwa mahali ambapo kila apitaye huziona bila kiingilio. Duka la Busia ya Kenya lililopakwa rangi za kampuni ya simu kuanzia msingi hadi paa halimsumbui karani, maana hilo ni tangazo, na matangazo ya nje yana fungu lake katika Jedwali lilelile. Anayeleta utata ni msanii anayetaka kumchora ukutani mama anayevuka mpaka na robota la mitumba kichwani, bila jina la bidhaa yoyote: je, hilo ni tangazo lisilo na mtangazaji, ni shughuli ya utamaduni, au ni uchafuzi wa ukuta? Upande wa Uganda swali ni pana zaidi, kwa kuwa sheria ya mipango ya 2010 ilitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango, hivyo hata sanamu ya saruji (na Tororo, mji wa kiwanda cha saruji, haikosi malighafi) huweza kujikuta kwenye meza moja na ghorofa. Msanii huambiwa alete mchoro, barua ya mwenye ukuta na nakala tatu. Akishagongewa muhuri, kazi yake ina tarehe, ingawa haina rangi.

Wapo wanaoubeza muhuri kwa kutaja kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Busia na marais wa nchi mbili mwezi Februari 2018, ambapo maofisa wa Kenya na Uganda huketi pamoja na dereva wa lori hukamilisha kutoka na kuingia kwa kusimama mara moja. Huuliza kwa nini barua ya benchi izunguke meza kwa meza ndani ya mji mmoja. Wanasahau kwamba lori lina ushuru, nalo benchi, lisimame au lianguke, hazina haisikii kitu.

Katika milima ya Chelelemuk, kaunti hiyohiyo ya Busia, muhuri uliwahi kukosekana kabisa. Kwenye mwamba wa Kakapel kuna michoro ya nyakati mbalimbali iliyopandana, maumbo ya kijiometria pamoja na ng'ombe, kazi ya watu wasioomba kibali kwa yeyote, na leo sheria ya urithi ya 2006 inamwadhibu atakayeiharibu. Wapinzani wa muhuri hushangilia hapo bila kuitazama hasara: majina ya wachoraji yamepotea, na umri wa kazi yao ni wa kukadiria. Wangepitia masijala, historia ingekuwa na tarehe kamili, namba ya jalada na nakala tatu za mchoro, na mwamba ungekuwa mtupu.