Sifa za Tuta

Washairi wamesifu mlima, bahari na twiga. Tuta la barabarani bado halijapata malenga wake, ingawa hakuna kingine kinachosujudiwa na wengi kiasi hicho: basi la abiria 60 huliinamia, lori la kwenda Zambia huliinamia, na mheshimiwa ndani ya shangingi, apende asipende, hutikisa kichwa mbele yake.

Aliyeutambua ukuu huu kwa mwili wake ni mwalimu wa kujitolea kutoka Ujerumani, aliyekuja kufundisha fizikia kwenye sekondari ya serikali. Likizo ya Juni, yeye na wenzake watatu walikodi Noah na dereva, wakatoka Dar es Salaam kwenda Iringa, karibu kilomita 500. Walitaka kuona Mikumi, ambako barabara kuu inakatiza hifadhi kwa kilomita 50 hivi na pundamilia huonekana bila kiingilio. Kisha mibuyu ya bonde la Ruaha, kona za Kitonga na zana za mawe za Isimila. Walipiga hesabu ya mafuta, maji na saa. Matuta hawakuyahesabu.

Fadhila kubwa ya tuta ni ualimu. Kwa miezi minne ngeli za Kiswahili zilikuwa zimemshinda mwalimu huyu, daftari zima limejaa mistari ya kufutwa. Kufika Chalinze, mambo yalikuwa yamenyooka. Tuta hili limetupiga. Matuta haya yametupiga. Lile la nyuma lilikuwa na nafuu. Haya yajayo hayana. Kila upatanisho uligongewa muhuri utosini na paa la gari. Kabla ya Morogoro vivumishi vilikuwa vimekaa (tuta kali, matuta makali), na walipoikaribia Mikumi somo lilikuwa limehamia kwenye kauli za vitenzi: dereva akalivamia tuta, tuta likavamiwa, chai ya chupa ikamwagika, mwalimu akamwagikiwa. Ni chuo gani kingine hufundisha kauli ya kutendewa kwa chai ya moto mapajani?

Fadhila nyingine ni ndogo ndogo. Humwamsha aliyesinzia. Humsomeshea watoto fundi wa shokapu. Humpa muuza karanga sekunde nne za kufika dirishani.

Ila lile la saa mbili usiku, katika kijiji kimoja cha bondeni, halikuwa na fadhila yoyote. Halikuwa na rangi, halikuwa na kibao, na lami yake ilikuwa nyeusi kama usiku wenyewe. Noah iliruka, ikatua, bampa likabaki nyuma. Nani hujenga ukuta katikati ya barabara kuu, akabeba koleo lake na kwenda kulala?

Dereva akiwa chini ya gari na tochi ya simu, mama mmoja alisogea na vitunguu kichwani.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Poleni. Hilo huwapata wote.”

Ndiye aliyewasimulia lilivyopatikana. Waliomba tuta muda mrefu, wakaambiwa wasubiri. Basi likamgonga mtoto akitoka shule. Wanakijiji wakapanga mawe na magogo barabarani, foleni ikafika mbali, viongozi wakaja mbio. Tuta lilijengwa upesi. Kibao kiliahidiwa.

Hadithi hii si ngeni kwa msafiri wa barabara zetu. Wala kinachokosekana si ujuzi: mwaka 1961, kundi la kwanza la vijana wa Kimarekani wa kujitolea waliotumwa Tanganyika lilikuwa la wapima ardhi, wahandisi na wajiolojia, waliokuja kusaidia kazi ya barabara. Ufundi wa barabara, basi, si siri iliyofichwa kwetu. Na vibao vinawezekana: pale Mikumi kuna mabango yanayotaja faini ya kila mnyama atakayegongwa, mmoja mmoja, kwa dola. Twiga ana bei yake, nyani ana yake. Mtoto yule aliyegongwa na basi hakuwa kwenye bango lolote, na nusu ya madereva wanaolilaani tuta lake ndio waliolifanya lihitajike.

Mwalimu alinunua vitunguu sado moja. Sado ni lile kopo la rangi la lita 4. Makopo yako tele kando ya tuta lile, yamepangwa mstari, yamejaa vitunguu hadi juu. Rangi yenyewe ndiyo haijafika.