Katika Kuitukuza Kazi ya Kusakinisha Brashi

Washairi wetu wameisifu bahari, wameusifu mnazi, wameyasifu hata macho ya mahabubu asiyewajali. Lakini kazi ya kusakinisha brashi mpya katika programu ya kuchorea imeachwa bila ya sifa, nami, ambaye imenitesa kiasi cha kunipa haki ya kutoa ushahidi, naona ni dhambi kuiacha hivyo.

Fadhila zake ndogo nazitaja kwa kupita. Huongeza ufasaha wa kulaani. Humwimarisha mja katika kuamini ghaibu, kwani brashi za programu ya GIMP katika Windows huwekwa ndani ya kabrasha la AppData, ambalo kwa desturi limefichwa, na halina budi kuaminiwa kabla halijaonekana.

Fadhila yake kuu, hata hivyo, ni kumkinga mchoraji na kuchora. Mtu aliyeketi asubuhi kwa azma ya kuchora uso wa bibi yake yumo hatarini: huenda pua ikapinda, huenda bibi akatoka mjomba, na familia nzima ikasusa. Basi kwa rehema hupakua kwanza furushi la brashi mamia, za mvua, za moshi, za nywele, za magamba ya samaki, hulifungua akakuta ndani yake furushi jingine, huziingiza, huzijaribu moja baada ya moja kwa mkwaruzo mfupi pembeni mwa ukurasa mweupe, kisha huzibadili majina na kuzipanga upya, hata adhana ya magharibi ikamkuta hajakosea mstari mmoja, kwa kuwa hajachora mmoja. Uchovu anao, tena wa halali. Ushahidi wa kumhukumu haupo.

Na ingekuwa zinaingia, ningenyamaza! Brashi ya .abr ni ya Photoshop, .brushset ni ya Procreate, .sut ni ya Clip Studio Paint. Krita huipokea .abr kwa hisani, lakini huchukua umbo la ncha tu, ikaacha nyuma namna brashi ilivyoutii mkazo wa kalamu, hivyo makaa yaliyokuwa yakimeng'enyeka karatasini huwasili yamekuwa muhuri wa posta. Kwani brashi ni nini, jamani, ila kipicha cha kijivu na tarakimu chache: ukubwa, mwachano, wepesi wa kufifia? Programu za bure zimekwisha kupatana: brashi za MyPaint hufanya kazi ndani ya GIMP tangu toleo la 2.10 la mwaka 2018, na ndani ya Krita tangu toleo la 5.0 la mwaka 2021. Wenye mali hawana haja ya mapatano hayo, maadamu mchoraji aliyelimbikiza brashi zake kwao kwa miaka hawezi kuhama nazo. Mwaka 2017 kampuni ya Adobe, yenye Photoshop, ilizinunua brashi za Mmarekani Kyle T. Webster, ambazo hapo kwanza mtu alilipa mara moja zikawa zake. Tangu hapo mkusanyo huo ukawa wa waliojiandikisha kulipa ada, na ada hiyo haina mwisho.